Kovu Tuliloliita la Uji

3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepungua? Mama mdogo anasema chakula unakionja tu, jikaze, mama.

Mimi tumbo bado. Dawa zikiisha linarudi kujaa kama ngoma. Juzi daktari alininywesha maji ya sukari, nikapuliza kwenye mfuko apime pumzi yangu. Ajabu! Bakteria wamepanda kujazana kwenye utumbo mwembamba, na hewa yao inatoka kwa pumzi. Anasema si kila mwenye utumbo usiotulia kama mimi hupata hili. Huwapata zaidi wazee, wenye kisukari, wanaomeza vidonge vya kupunguza asidi kwa miaka, na waliowahi kupasuliwa tumbo. Nikasema mimi simo. Akatazama kovu langu la tumboni.

"Na hili?"

"Uji wa moto, nikiwa mdogo."

Akaguna.

Mwanao

11 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Kifua hakipungui, wala hakitapungua, tusidanganyane. Mwandiko wangu umepinda, soma polepole.

Uji haukukuunguza. Ulizaliwa matumbo yakiwa nje, yametokea pembeni mwa kitovu. Mkunga alipiga ukelele. Nilinyanyua kichwa nikayaona: mekundu, yanang'aa, yanajinyonga taratibu kama yana akili zao, nawe unalia kwa nguvu zote. Niliogopa, lakini sijapata kuona kitu kizuri vile. Uhai ulikuwa unafanya kazi yake mbele yangu bila kuomba ruhusa. Hospitalini daktari alikata kipande kilichokufa, akaunga, akayarudisha mengine kidogo kidogo.

Wifi yangu akasema mtoto wa ndani-nje ni mkosi, nani atamwoa. Tukahama, baba yako na mimi. Kovu tukaliita la uji. Kila mwaka nikifundisha biolojia nilichora utumbo ubaoni, wanafunzi wakanakili; wa mwanangu nikaufunika. Ulipoanza kuugua nilishuku, nikasema ni hofu ya mitihani. Niliogopa utaniona mwongo. Sasa naogopa zaidi kufa nikiwa nimekufungia njia ya kupona. Mwambie daktari ulikatwa utumbo. Mwambie leo.

Mama yako

15 Machi

Mama,

Shikamoo. Daktari aliposikia aliweka kalamu chini. Anasema palipoungwa huenda pamebana, chakula kinatuama, bakteria wanajijengea mji. Atapapiga picha kwanza, dawa baadaye.

Nimekasirika, sikufichi. Lakini jana tumbo liliponguruma nililiwekea mkono, nikalisikiliza; mimi niliyelitukana miaka yote.

Jumapili nakuja. Usithubutu kufa kabla sijafika kukugombeza.

Mwanao