Kioo Nilichokigeuza

Muyinga, nyuma ya soko
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Uthmani,

Assalaam alaykum. Kabla sijakusalimu vizuri, acha nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: lenzi ya Baba niliifungua mimi. Na nilipoifunga, kioo cha mbele nilikirudisha kinyume. Haya, limetoka. Sasa naweza kukuuliza hali.

Hujambo, Mjomba? Mgongo unaendeleaje? Huko Ngara vumbi limeshaanza kuingia kwenye saa za watu? Mama Shafii bado anakuficha sukari? Sisi wazima, Alhamdulillahi. Mama ana kikohozi kidogo, ndivyo ilivyo kila mwaka mvua zikikata. Mimi niko kwenye mitihani. Hesabu zinakuja kwa Kifaransa, kichwa changu bado kinahesabu kwa Kiswahili cha shule ya huko kwako, kisha natafsiri, na kabla sijamaliza wanakusanya karatasi.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumbani ni moja na Baba haiachi hata akiwa anakula, kwa sababu ya wale wenzake. Halafu unanijua: nikitaka kusema jambo kubwa, naishia kuuliza nani anataka chai. Barua hii nitampa Houssein, yule mbadilisha fedha wa Kobero. Jumatatu anavuka mpaka kuja Kabanga. Bahasha nitaipaka gundi mara mbili, maana na yeye yumo.

Yumo kwenye chama, nataka kusema. Baba, Houssein, na Mzee Kasiano wa Bukirasazi, pamoja na wengine watatu wa Gitega, wanajiita Vieux Verres, yaani vioo vikuukuu. Wanatafuta lenzi za kamera za zamani, za Kirusi, za Kijerumani, za Kijapani. Wanazifunga kwenye kamera za siku hizi kwa pete ya chuma, wanapiga picha za mbuzi na mashangazi, halafu wanabishana. Mwezi mmoja wanakutana Gitega, unaofuata kwetu. Mafuta ya gari hakuna, lakini wao hufika. Kwenda hospitali na Mama ndiko usafiri unakokosekana.

Wana kanuni zao. Lenzi haziuzwi, hubadilishwa. Mnaziweka juu ya mkeka mbele ya wenzenu, kila mmoja anachukua ya mwenzake, mnapeana mikono, basi, imekwisha. Hairudi hata ukilia.

Sasa sikia. Baba ana lenzi ya Kirusi aliyoipata kwa Houssein. Mvua za Februari ziliiingiza ukungu, utando mweupe ndani kama nyumba ya buibui. Baba akaiweka dirishani ipigwe jua, kwa sababu wote wanaamini jua linaua ukungu. Siku kumi niliiangalia. Utando ulikuwa palepale. Siku ya kumi na moja Baba alikwenda Gitega kwa wenzake, nami nikataka akirudi aikute safi, afurahi.

Nilitumia bikari yangu ya hesabu kuzungusha pete ya mbele, ikakubali. Nilitandaza kitambaa kama ulivyonifundisha kwenye saa, nikapanga vipande kwa mfuatano wa kutoka kwake. Nikafuta kioo kwa spiriti mpaka kikang'aa. Mama akaita nikaanue maharage, mvua inakuja. Niliporudi nilikuwa na haraka, nikachukua kioo, nikakirudisha, nikakaza. Mfuatano niliukumbuka, ila upande sikuutia alama. Tumbo la kioo, ule upande uliobinuka uliotakiwa kutazama nje, likatazama ndani. Najua ungenizaba kofi la begani.

Baba akarudi, akainua lenzi dirishani, akapiga kelele mpaka majirani wakaja. Jua limeiponya! Akampiga Mama picha hapo hapo, akiwa anaanika kanga. Mjomba, picha ile ni ya ajabu. Uso wa Mama uko wazi, unahesabu kope, lakini pembeni pote ua na kamba na kanga vinazunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo. Baba akaituma kwenye simu za wenzake. Tangu siku hiyo sijapumzika.

Kwanza, Gitega yote imejaa lenzi madirishani. Watu wazima wenye wake na watoto wanaamka alfajiri kugeuza vioo vifuate jua. Mmoja ameunguza pazia.

Pili, wanabishana, na mabishano yenyewe hayaishi. Mwezi wa nne walikuja hapa, mimi nikaleta chai.

"Mi nawaambia, hii lentille iko na roho," Houssein anasema. "Iliona baridi ya Urusi, ikakuja kuona jua ya Muyinga, ikachanganyikiwa. Voilà!"

"Wee Houssein, kioo hakichanganyikiwi," Mzee Kasiano akamjibu. Huyu alikulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama chako. "Ni mchanga walioyeyushia. Siku hizi mchanga ule haupo."

"Mchanga! We uko mukulima, kwako kila kitu iko udongo."

"Na wewe kila kitu kwako ni pesa ya kubadilisha."

Wakacheka, Baba naye akaketi katikati kama bwana harusi. "Ni jua," anasema. "Siku kumi, na subira."

Mimi nimesimama na birika. Nikajikaza. Nikasema, "Baba, ile lenzi..."

"Raissa! Usiisogelee na chai!"

"Muache mtoto," Houssein akasema. "Binti, leta sukari. Hii mambo iko ya wakubwa."

Nikaleta sukari. Ningefanya nini?

Baada ya hapo niliandika. Niliandika kwa Kifaransa, kwa sababu kwa Kifaransa kosa langu lilionekana dogo na la heshima, kama zoezi. Nikaikunja karatasi nikaiweka ndani ya sanduku la lenzi. Baba, unajua alisoma madrasa na cherehani, Kifaransa anakijua cha kupimia suruali. Jioni akanirudishia mbele ya Mama. "Umesahau devoir yako ya shule kwenye sanduku langu. Mwandiko mzuri sana, mwanangu." Akanipa na mia tano ya kalamu. Ile noti ninayo bado, naogopa kuitumia.

Yote hayo ningeyavumilia. Ningenyamaza mpaka nizeeke. Lakini kesho, Jumapili, wanakutana hapa kwetu, na Mzee Kasiano anabadilisha.

Mzee Kasiano si kama wengine. Kwa wengine ni mchezo. Yeye ana shamba la mihogo na lenzi moja ya Kijerumani, ndefu, aliyorudi nayo kutoka Tanzania imefungwa ndani ya blanketi. Jumamosi nyingi anapiga picha za harusi na ubatizo, Bukirasazi mpaka Nyarusange, na ndiyo inayosomesha watoto wake. Sasa anataka kumpa Baba lenzi hiyo achukue hii yetu. Ameshawaambia watu wa harusi tatu kwamba ana kioo ambacho nchi nzima hakuna mwingine aliye nacho.

Hebu fikiria picha hizo. Bwana na bibi harusi katikati, safi. Na mashangazi waliochanga ng'ombe, waliosuka nywele siku mbili, wamesimama pembeni wakizungushwa kama unga kwenye ungo. Shangazi gani atalipia picha asimojiona uso? Wa kwanza watadhani ni bahati mbaya. Wa tatu hawatamwita. Na lenzi yake haitarudi, kwa sababu wamepeana mikono juu ya mkeka.

Utasema nikigeuze tu kioo leo, Baba hayupo chumbani, kazi ya robo saa. Nimeshafikiria, bikari ninayo hapa. Lakini kesho watapiga picha ya mwisho kabla ya kupeana, na ikitoka picha ya kawaida, watasema Baba, fundi Abubakari wao, aliwadanganya miezi minne. Baba hajamdanganya mtu maisha yake yote. Hata kitambaa kikibaki nusu mita anakirudisha.

Nimechoka, Mjomba. Nimechoka na wao na jua lao, na wala hakuna hata mmoja kati ya wataalamu sita aliyewahi kuchungulia kioo chenyewe na kuuliza mbona tumbo liko ndani. Wanajua mwaka kilipotengenezwa na jina la kiwanda, lakini mbele na nyuma hawajui. Na nimechoka na mimi mwenyewe zaidi. Nina miaka kumi na sita, naongea lugha mbili shuleni na ya tatu sokoni, na sentensi moja inanishinda.

Najua jibu lako halitawahi kufika kabla ya kesho. Nakuandikia ili nione kama maneno yenyewe yanaandikika. Yanaandikika. Nimeyasoma tena pale juu, ni mistari miwili.

Nisalimie sana Mama Shafii, na Shafii mwambie baiskeli yake naidai zamu yangu nikija. Bibi Salama wa jirani mpe mkono wangu. Mungu akutunzie macho, Mjomba, maana riziki yako yote inapita hapo, na akuongezee

Samahani, nimekatizwa. Kuna sauti uani. Ni Mzee Kasiano, amekuja leo badala ya kesho, anasema amepata lori lenye mafuta linalopitia hapa kwenda Kobero, asingeweza kuliacha. Baba anacheka. Anamwambia, "Karibu, karibu, kwanza uione, chai baadaye." Sanduku la lenzi liko hapa chumbani kwa cherehani, juu ya rafu, mbele yangu. Wanakuja. Nasikia kandambili za Baba na buti za shamba.

Leo karatasi hii nimeshaisukuma chini ya daftari mara tatu, kila mlango ulipolia. Sasa daftari nimeliweka chini sakafuni. Karatasi iko juu ya meza, nimeigeuzia upande wa mlango, na ni Kiswahili, Baba anasoma bila shida. Ikikufikia na alama za vidole vya watu wengine, usishangae.

Mpwa wako anayekupenda daima,
Raissa