Maua Machache ya Yaya Riziki

Dada yangu mkubwa, Yaya Riziki,

Tangu uende situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda kusogeza chombo cha maua dirishani. Kazini kwetu, kule depo ya mizigo ya Cheektowaga, juzi nilipanga maboksi kimshazari mpaka bosi akaniuliza kama naumwa. Bon, kosa ni lako. Ni wewe uliyekuja huku Buffalo kutoka Louisville na ule ufundi wa Wajapani wa kupanga maua, ukanishikisha mkasi hata sijavua koti la baridi.

Leo ilikuwa ibada ya kuondoa kilio chako. Nilisema maua ya mbele nitayafanya mimi. Nikaweka tawi moja kavu lililopinda kama kiwiko, jani moja pana, na yungiyungi moja chini kabisa. Yote ndani ya lile bomba la chuma uliloliokota North Buffalo, ukasema, "Siku hizi chombo hakina sheria, mradi mtu aseme lake." Nililia nikikata, Yaya, lakini maua yalisimama!

Mama Mchungaji akayaona. "Ma chérie, mbona ya kimaskini hivi? Riziki ametumikia kanisa hili, leo tumpe fimbo?" Kabla sijajibu akachomeka waridi za plastiki, rundo zima. Nikazitoa. Nikaenda jikoni kuangalia sombe, kisamvu cha wageni. Narudi, nazo zimerudi. Aah! Si plastiki iliyoniudhi. Wewe mwenyewe uliwahi kupanga nyaya za umeme na zikapendeza. Ni kule kuziba tu. Siku ya mazishi walikufunika maua mpaka nikakosa pa kuuona uso wako.

Leo heshima ilinishinda. Kwaya ikiimba, nilisimama mbele ya watu wote nikachomoa waridi moja moja, nikawagawia wamama wa safu ya mbele. Binti yangu akaninong'oneza, "Mom, please," aibu imemjaa. Mama Mchungaji akanisogelea. Hakuwa na hasira. "Donc, pale katikati pote tuache hivyo? Patakaa nini?"

Nikamwambia, "Pale ni pake, Mama. Riziki hayupo. Tuacheni tuone kwamba hayupo."

Akatazama. Akakaa kwenye ngazi ya madhabahu na kikwembe chake kizuri cha kitenge, akalia kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia, maana siku ile alikuwa anahangaika na viti na chakula cha wageni. Nikakaa naye. Hakuna aliyegusa maua tena.

Lala sasa, Yaya. Watu wa darasa lako la maua la Jumamosi wamekuwa wakinipigia simu niendelee nalo, nami nawakimbia. Jumamosi hii nafungua mlango, nimekuahidi. Lakini nitapanga yangu, si yako. Ukikasirika, kasirika tu.

Mdogo wako,
Furaha