Kisu cha Viazi Vikuu vya Baba

Mountain View, Jumapili

Dada yangu Wamucii,

Huku mvua imeanza, na mke wangu Becky amepona kikohozi. Nasikia kiazi kikuu chako kimeoza na unajilaumu. Usijilaumu.

Siku tulipomzika Baba, nilipowakatia ninyi ndugu zangu kila mmoja kipande cha kupanda, kiazi cha pili kilikuwa na uozo mweusi ndani. Watu walikuwa wakitazama, nikanyamaza. Sikukipitisha kisu motoni alivyokuwa akifanya Baba. Nikaendelea kukata vyenu, uozo ukaingia vyote.

Changu nilikikata kwanza. Sasa kimetambaa hadi juu ya ukuta.

Njoo na jembe, dada, ukichimbe. Hakuna kingine cha Baba kilichobaki.

Ni mimi niliyeshika kisu,
Mwaura