Panya Niliowaogesha Dawa ya Josho

Yaeda Chini

Mama Paulo mke wangu,

Pokea salamu kutoka huku chini kwenye joto. Mimi mzima, meno tu yananiuma. Goti lako limepoa? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, ile elimu ya watu wazima uliyoicheka.

Kijiji kizima cha ujamaa hakuna anayekamata panya wa porini kama mimi. Ninayemkamatia ni Bwana Afya, kijana wa Tanga; anawatoa damu na kuwachana manyoya atafute viroboto, maana serikali inaogopa tauni. Mpaka vipimo viishe hakuna ruhusa ya kutoka huku. Na binti yetu Martina anaolewa, na wa kumkabidhi ni mimi.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita nilijaza mitego yote. Nikawatazama wale panya, wachafu, wanajikuna. Nikaona aibu. Mtu wa kwetu Nangwa hapeleki mnyama kwa daktari na wadudu wake. Nikaomba kwa wafugaji dawa ya josho, ile ya kuulia kupe wa ng'ombe, nikawatumbukiza mmoja mmoja na mitego yao. Wawili walikufa, lakini hao walikuwa wadhaifu toka kwao.

Bwana Afya akachana, akachana tena, akanusa kitana.

"Mzee, hawa panya wananuka nini?"

Nikamwambia wananuka usafi.

Akakaa juu ya ndoo. Akasema viroboto ndio aliowataka, na wakiwa hai.

"Mzee wangu, shikamoo, lakini tunaanza upya. Na harusini huendi."

Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Usiku ule sikula, lakini hilo hakuliona.

Nikatega tena, nikamletea wachafu hasa, hata yeye alirudi nyuma. Jana majibu yamerudi kutoka mjini, tauni hakuna. Nitakuja na lori la mahindi kabla ya harusi.

Dereva wa lori hilo amenipa maneno yako, kwamba mtu wa panya hakanyagi ndani. Nilikasirika sana. Nyumba hiyo nimeijenga mimi. Lakini nimefikiri njia nzima nikikagua mitego. Mwambie kaka yako wa pale joshoni aniwekee dawa. Nguo zangu zote zitumbukizwe. Na mimi nitaingia, mpaka shingoni. Kichwa sizamishi.

Nisalimie mama mkwe, shikamoo yake, na shemeji, na bibi harusi wetu asilie.

Ni mimi mumeo, mkamata panya wa kwanza Yaeda yote,
Baba Paulo