Jogoo Mwenye Uzi Mwekundu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana mimi si mtu wa barua, shule niliiacha ikiwa bado inanipenda, lakini dunia nimeitembea, bandari tatu nimepanga vyumba, na miaka ishirini mtaa mzima unaniita Daktari wa Mayai kwa sababu yai nikilishika tu nakwambia, lililochongoka ni jogoo, la mviringo ni tetea, na wafugaji wanakuja niwachagulie mayai ya kuatamisha na hakuna aliyewahi kubisha, mpaka alipokuja mpwa wangu aliyesomea mifugo akasema, "Mjomba, tuandike kwanza, ndipo tubishane. Ukipatia thelathini na tano kati ya arobaini, napiga magoti unifundishe."

Nikacheka. "Andika, mama, wino ukiisha nitakununulia!"

Nikamchambulia mayai, ya jogoo huku, ya tetea kule, akayaatamisha mafungu mawili mbalimbali, vikatoka vifaranga arobaini, kila mmoja akamfunga uzi mguuni, mwekundu kwa niliyemwita tetea, mweusi kwa jogoo, tukangoja wakue, na asubuhi moja mwenye uzi mwekundu akapanda juu ya ndoo, akanitazama, akawika. Mshauri, nywele zilinisimama! Tukahesabu wote. Nimepatia ishirini na mmoja, ambao hata kurusha sarafu juu kungewapata. Naapa sikukasirika, nilikaa chini kwenye pumba nikastaajabu, kwamba yai halijui jina langu, halijui nimefika wapi, na kipande cha uzi wa kushonea vifungo kimeona nisichokiona miaka ishirini.

Sasa juzi binti kaeleza haya kikaoni, wafugaji wakamzomea, "Kaa chini! Mjomba wako alisoma mayai wewe hujazaliwa!" Mimi nipo safu ya mbele, nikakohoa tu. Jumamosi wanapiga kura kumwondoa kwenye kazi waliyompa ya kuwashauri. Nikisema ukweli, nitabaki nani?

JIBU

Ndugu Daktari wa Mayai, pole kwa cheo, na aibu kwa kikohozi.

Hukuwa mwongo, ulikuwa na wasifiaji. Aliyepata tetea alirudi kukushukuru, aliyepata jogoo alimchinja akanyamaza. Nusu ya ushahidi wako iliishia sufuriani!

Utabaki nani? Utabaki mtu mzima aliyekaa kwenye pumba akastaajabu, na hao ni wachache, hata kwa wenye vyeti ukutani. Wala usiwaombe wamwamini binti kwa sababu kasoma, kama wasivyopaswa kukuamini wewe kwa mvi. Yeye aliandika mapema kitu ambacho kingeweza kumwangusha. Wewe je, uliwahi? Anayebisha alete mayai yake, aandike, afunge uzi, angoje.

Jumamosi vaa vizuri. Mbebe jogoo kwapani, uzi usiufungue. Simama kabla mpwa wako hajafungua mdomo, taja hesabu, ishirini na mmoja kati ya arobaini, kisha umwombe radhi mbele ya wale wale waliomzomea. Jogoo ameshawika, bwana. Usimwachie peke yake kazi ya kusema kweli.