Mtaa Ulioipa Barabara Mgongo

4 Februari

Kwa binti yangu mpendwa,

Natanguliza salamu zilizo kamili, nikitumaini kuwa barua hii itakukuta wewe na watoto mkiwa wazima wa afya. Mimi sijambo, ila goti la kulia, ambalo limekwisha kujitangazia uhuru wake.

YAHUSU: NYUMBA YETU KUWEKEWA ALAMA YA X

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Juzi asubuhi walifika watu wawili wa ofisi ya barabara wakiwa na kopo la rangi nyekundu. Hawakubisha hodi. Walichora X kwenye ukuta wa jiko letu, wakachora kwa jirani yangu Timazi, wakaendelea hivyo hadi mwisho wa mstari. Barabara inapanuliwa.

Wewe ulizaliwa mtaa ukiwa umekwisha kusimama, hivyo sina budi kukukumbusha asili yake. Sisi waashi tuliujenga kwa zamu: nyumba ya mmoja ikifika lenta, pale juu ya madirisha, wote tunahamia kwa mwenzake. Tuliambiwa barabara ingepita juu, upande wa kilima. Basi tukazisogeza nyumba zote juu, milango ya mbele ikitazama kilima, na nyuma tukaacha nafasi ndefu ya majiko na kamba za nguo. Barabara ikapita chini. Tangu hapo mgeni hushuka garini akalakiwa na masufuria, na mitaa mingine hutuita Watu wa Migongo.

Nimeiandikia ofisi husika ombi rasmi, kurasa nne. Timazi alilisoma akaniuliza, "Kaka, hapa umewaomba au umewahukumu?" Nililituma vilevile lilivyo, kwa kuwa yeye huandika kwa mkaa ukutani.

Mama yako alifia katika chumba cha pembeni. Wakikibomoa, sijui nitakuwa nikimkumbukia wapi.

Ni mimi, baba yako mzazi.


19 Februari

Baba, shikamoo.

Sisi wazima, goti tu ndilo limetutia wasiwasi. Mjukuu wako mkubwa kaniuliza kwa nini babu anaandika "husika na kichwa cha habari". Nimemwambia babu yako ni serikali.

Baba, njoo ukae nasi. Chumba kipo, cherehani yangu nimeshaihamishia sebuleni. Usingoje tingatinga likukute kitini. Najua utaniambia nyumba. Nami nimekulia humo, nimeogeshwa kwenye kile kisakafu cha kufulia nyuma, nikilia sabuni machoni. Lakini ukuta hauniulizi nimelalaje. Wewe ndiye unayeniuliza.

Mama tutamkumbuka popote ulipo. Nijibu upesi.

Mwanao.


23 Machi

Baba, shikamoo.

Hujambo? Mwezi umekatika. Simu yako haipatikani, na ya mzee Timazi inaita mpaka inachoka. Nimekata tiketi, nakuja kukuchukua mwanzoni mwa Aprili.

Hata kama nyumba imeanguka, niandikie mstari mmoja tu. Bila kichwa cha habari.

Mwanao.


29 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Nyumba imesimama.

Umeagiza nisiweke kichwa cha habari, nami nimetii, ingawa barua isiyo na kichwa hunitia baridi. Uniwie radhi kwa ukimya. Niliandika barua mbili za kukubali kuhama nikazichana zote, kwani kila nilipolifikia neno "nakuja", mkono uligoma. Mlango wa mbele nilikuwa nimekwisha kuung'oa ili nije nao.

Jumatatu tingatinga lilifika. Mimi na Timazi tulikaa barazani, upande wa kilima, tukiwa tumevaa makoti kama watu wanaongoja hukumu. Tulilisikia jiko langu likianguka, kisha lake. Tukangoja kuta za vyumba. Kukawa kimya.

"Nenda ukatazame," akasema Timazi.

Nilimwambia atangulie yeye. Hatimaye tulikwenda pamoja, tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea. Tingatinga lilikuwa limesimama ukingoni mwa kile kisakafu chako, na mpimaji, binti wa rika lako, alikuwa akikunja utepe. Akatuamkia kwa adabu. Nikamuuliza watarudi lini kumalizia.

"Kumalizia nini, mzee? Barabara inaishia hapa. Tulikuja kwa ajili ya majiko tu. Nyumba mlizijenga mbali."

Timazi alikaa vumbini akacheka mpaka akalia. Mimi nililia moja kwa moja.

Nilipojikaza, niliuliza kuhusu ombi langu. Akaeleza kuwa ofisi nzima ililisoma na mkubwa wao alilisifu mno, ila walikosa jibu, kwa maana liliwasihi wasitende jambo ambalo hawakulikusudia. Nimelipokea hilo kwa moyo mkunjufu, isipokuwa kwa ukurasa wa tatu, ulionigharimu usingizi.

Ng'ambo ya pili, walikojenga wakiitazama barabara kama inavyostahili, nyumba kadhaa zimekatwa baraza. Tulikwenda kuwapa pole. Hatukucheka, ingawa Timazi alilazimika kukohoa.

Mlango nimeurudisha mahali pake. Chumba cha mama yako nimekifagia na kukifungua dirisha. Kwa sasa tunapikia mbele, upande wa kilima, ambao baada ya miaka yote hii umepata kazi.

Tiketi usiirudishe. Njoo na watoto, lakini mje kutembea, si kunichukua. Mkishuka garini pitieni nyuma, kama wageni wetu wote. Masufuria hayatawalaki tena. Jiko halipo, na kutoka kituoni mtaniona nimesimama.

Baba yako.