Kadi Iliyobadilishwa Jina

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimesasisha programu ya seva ya hospitali. Ikazima, ikawaka vizuri, nikajipongeza kwa chai. Kumbe! Chai haijapoa, simu ya maabara ikalia: majibu ya vipimo hayafiki wodini. Seva inawaka, feni inavuma, lakini kwenye mtandao haionekani. Kama imenuna vile. Na mama mkwe wangu amelazwa hapa hapa, anasubiri upasuaji wa nyonga Alhamisi. Daktari wake hamgusi mtu bila majibu ya damu mbele yake — na ana haki.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimebadilisha kebo. Nimebadilisha tundu kwenye swichi ya mtandao. Wapi! Mwenzangu wa ofisini, tunayemwita Waya kwa sababu haachani na nyaya zake, kapima laini yote hadi wodini: nzima. Huku nyuma muuguzi mkuu kawapanga watu wake, majibu yaandikwe kwa mkono na kupelekwa kwa miguu. Wala hajaninunia. Alipita tu, akauliza kama nimekula, akaniwekea ndizi mbili juu ya kibodi. Mungu ampe maisha marefu. Mama mkwe naye kanitania wodi nzima ikisikia: mimi nyonga, wewe mashine, tuone nani atatangulia kusimama. Nimecheka hadi machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Jumatano, 8 Oktoba

Tumeipata! Waya ndiye aliyeona. Sasisho limeipa kadi ya mtandao, kile kifaa ndani ya seva kinachoiunganisha na mtandao, jina jipya. Mipangilio yetu bado inaiita kwa jina la zamani, kwa hiyo anwani ya seva mtandaoni inapewa kadi isiyokuwepo. Hakuna kilichoharibika! Nimemkumbatia Waya hadi miwani yake ikaanguka. Nikaipa kadi anwani kwa amri ya mkono, niliyoichapa mwenyewe, majibu yakaanza kumiminika, muuguzi mkuu akapiga vigelegele.

Ila amri ya mkono inadumu mpaka mashine izimike tu. Jina jipya nimeliingiza pia kwenye mipangilio, lakini bila kuizima na kuiwasha, nitajuaje kama itakumbuka? Umeme wenyewe wiki hii unakuja na kuondoka. Ikizimika katikati ya upasuaji, na damu ya ziada inaombwa kupitia seva hiyo hiyo... Nimemwambia daktari ukweli. Akasema niizime kesho, kabla hajanawa mikono.

Alhamisi, 9 Oktoba

Asubuhi. Mama mkwe kashavalishwa gauni. Kanifukuza: mume wangu atamshika mkono, mimi nikashike mashine. Nimetoa kichwa nje ya chumba cha seva kutangaza kwamba naizima — na korido imejaa! Kutoka maabara hadi mlango wa chumba cha upasuaji: wauguzi, wafagizi, mpishi na aproni yake, hata daktari wa meno. Wamejipanga wapokezane karatasi za kuombea damu ikibidi. Sikumwomba mtu. Waya kasimama wa kwanza, pale maabara. Muuguzi mkuu kanipungia tu: zima, mama, tupo.

Nimeizima.

Naandika nikiisubiri. Feni imeanza. Huko nje wanamtania mpishi asije akazitia karatasi chumvi. Jamani, nashukuru. Nashukuru sana. Skrini imewaka, inatafuta mtandao. Inatafuta... Taa ya njano; ya kijani, ya kuupata, bado.

Swali limepokezwa mdomo kwa mdomo hadi mlangoni kwangu: daktari anauliza, anawe?

Taa bado ya njano. Nimewaangalia pale walivyosimama.

Mwambieni anawe.